Mkoba wa Bi Nassra

Nyinyi vijana mnazibeba laptopu zenu kama mnabeba mihogo. Nakuoneni kila siku hapa Sokomuhogo, mie nimekaa kibarazani na sindano yangu. Mtu kaitia laptopu kwenye begi moja na chupa ya maji, na funguo, na kiporo cha wali, kisha begi kalitundika bega moja, linagonga kuta za vichochoro vyote mpaka afike kazini. Kioo kikipasuka anasema mashine za siku hizi mbovu. Mie nliishia darasa la sita, na hata hilo la sita mwalimu alinisukuma tu ili asinione tena, lakini jambo hili nalijua kuliko nyinyi nyote na vyeti vyenu. Katika kisiwa kizima cha Unguja, mtu aliyejua kuibeba laptopu ni mmoja tu. Ni mwanamke wa Matemwe, mkulima wa mwani, na kuiwasha hajui. Jina lake Bi Nassra. Mkoba wa kuibebea nimeushona mie, kwa hivyo kaeni nikuhadithieni.

Kwa asiyenijua, mie ndiye fundi Mkubwa, mshona viti vya vespa. Nusu ya mji huu imekalia kazi ya mikono yangu na haijasema ahsante. Asubuhi moja, miaka minne sasa imepita, nliinua macho nikamwona mwanamke wa makamo kasimama ng'ambo ya kichochoro, kavaa buibui, kakumbatia ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Hakuvuka. Alingoja mkokoteni wa magodoro upite, wakapita watalii na mtembezaji wao, ikapita vespa, ikapita nyingine. Kichochoro kilipokuwa kitupu kabisa ndipo akaja, hatua moja moja, kama aliyebeba uji wa moto.

Tukaamkiana. Nlidhani anauza pweza, nikamwambia kwa mzaha kwamba leo meno yananiuma, pweza aniletee kesho. Hakucheka. Alikaa, akaiweka ndoo mapajani, akafungua kifuniko. Akatoa kanga. Chini ya kanga kulikuwa na kanga ya pili. Chini yake taulo, ndani ya taulo foronya, na ndani ya foronya laptopu nyeusi, imesimama wima kama mgonjwa aliyeegemezwa mito.

Akaniuliza kama naweza kumshonea kitu cha kuibebea, kwa sababu ndoo inamchoma mbavu. Nikamwambia mie nimeshashona viti vilivyokaliwa na mabwana harusi wa kilo mia na ushei, nitashindwa na kidubwasha hiki? Ndipo akasema neno ambalo wakati ule nlilichukulia wepesi.

"Hiki si changu, fundi. Hiki ni amana."

Amana yenyewe ilikuwa ya Ridhwan, mwanawe wa pekee. Baba yake Ridhwan alikufa mtoto hajaanza skuli, Bi Nassra akamlea kwa kamba za mwani mpaka akamaliza chuo hapa mjini. Kisha kijana akapata kazi Oman, katika ghala la bidhaa. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, sanduku lake likazidi uzito. Akalifungua palepale chini, watu wanampita. Akatoa viatu, akatoa visheti alivyokaangiwa na mama yake, na mwisho akaitoa laptopu, kwa kuwa huko aendako, alisema, atapata mpya. Viatu na visheti akampa dereva aliyewaleta. Laptopu akamtia mama yake mikononi.

Akamwambia isiingie maji, isiingie mchanga, isianguke, na betri isiachwe ikafa, iamshwe kila mwezi. Hii amana yangu, mama, alisema, nikirudi baada ya miaka miwili nnaitaka kama ilivyo. Mie nadhani kijana alisema vile kwa haraka zake tu, kama mtu anavyosema lolote kumnyamazisha mama anayelia. Lakini neno amana, kwa watu kama Bi Nassra, si la kuchezewa. Kitu ukiwekeshwa amana hukitumii, hukifungui, hukiazimishi, na zaidi ya yote humkabidhi mtu wa pili. Nlimuuliza kwa nini asimwachie jirani anapokwenda pwani. Akaniangalia kama niliyemwambia aiuze.

"Nliyekabidhiwa ni mie. Ikipotea kwa jirani, mwenyewe ntamwambia nini? Kwamba nlichoka?"

Basi akawa anakwenda nayo. Nyumba yake iko karibu na bahari, chumvi inakula mpaka bawaba za milango, na bati la upande wa jikoni linavuja. Kuiacha ndani hawezi, maana mwaka ule nyumba ya tatu kutoka kwake iliingiliwa na wezi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na wanawake wote wanaingia kwenye mwani, yeye aliiweka ndoo yake juu ya jiwe kavu, na kila akifunga vishada viwili vitatu aliinua kichwa kuitazama. Wenziwe walifanya kazi kwa makundi, wanasimuliana, wanatukanana kwa mapenzi, wanacheka. Bi Nassra shamba lake akalihamishia upande wa lile jiwe, peke yake. Harusini akawa haendi, kwa kuwa harusi ina kusukumana. Msibani alikwenda, akakaa mlangoni na ndoo mapajani, akatoka kabla watu hawajainuka. Kwanza walimcheka. Kisha wakasema ndani ya ndoo mna dhahabu. Kisha wakaacha kusema, na hapo ndipo pabaya, kwa sababu wakati wanamsema alikuwa bado yumo midomoni mwao.

Haya yote hakunihadithia siku moja. Nliyachokonoa kidogo kidogo, mie nikitaka kujua jambo ni kama kupe. Siku ile ya kwanza aliniambia tu kwamba anataka kitu ambacho akiwa nacho ataweza kukaa karibu na watu.

Nikashona. Na hapa wasomi chukueni kalamu, maana haya hamkufundishwa. Laptopu haiuliwi kwa kugongwa katikati. Huuliwa pembeni, kwa kuwa kona ndizo zinazotangulia kugusa chini. Kwa hivyo kona zote nne nliziwekea sponji nene, ile ya kiti cha dereva. Upande wa kioo nikapachika ubao mwembamba baina ya sponji mbili, ili mtu akimpiga kiwiko, kiwiko kiishie kwenye ubao. Chini sikuiacha ikae sakafuni mwa mkoba. Nliining'iniza kwa mikanda, vidole viwili juu, mkoba ukitua kwa kishindo laptopu ibaki inaelea. Chaja nikaitengea mfuko wake wa nje, maana chaja ndiyo adui wa ndani ya nyumba, inalala na kioo mwezi mzima inakikandamiza, kisha nyinyi mnamlaumu dereva wa gari. Nje nikavika ngozi bandia nyeusi, uzi wa nailoni, mshono mara mbili, na juu ya zipu nikaweka ulimi ili mvua iteleze. Mkanda nikaufanya wa kupita kifuani, kwa sababu mkoba wa bega moja humzunguka mtu akiinama, na mkulima wa mwani siku nzima kainama. Bitana ilikuwa kanga yake ya kisutu aliyoileta mwenyewe.

Akauliza, nitajuaje kama unafaa? Nikamwambia tazama. Nikaingia ndani nikachukua sahani ya udongo ya mke wangu, ile ya maua, nikaitia mkobani, nikafunga, nikauachia kutoka kiunoni. Sahani ikatoka nzima. Nikauachia kutoka kichwani. Nzima. Ndipo nikamwona Bi Nassra anatabasamu kwa mara ya kwanza, na kumbe ana mwanya. Alipokwenda kuswali adhuhuri, mie na sifa zangu nikapanda ghorofani nikaudondosha dirishani. Sahani ikawa vipande kumi na moja. Nikafagia, nikaongeza sponji, na aliporudi nikamwambia nimejaribu hata kutoka juu na haikupata kitu. Mke wangu mpaka leo anamshuku paka.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anakuja mjini, mkoba kifuani chini ya buibui, ungedhani mja mzito. Anapita kwangu nimkagulie mishono, kisha tunakwenda wote kwa Anwar, fundi wa kompyuta, milango mitatu kutoka hapa. Hakuna aliyenialika. Nlikwenda kwa sababu nlitaka kuona kuna nini humo ndani.

Hamkuwa na kitu. Yaani kilikuwapo, lakini hakuna aliyekifikia. Anwar aliichomeka kwenye umeme, akangoja, akabonyeza. Kioo kikapambazuka, na katikati yake ikatokea picha ndani ya duara, kijana kavaa kofia upande, anacheka, nyuma yake ukuta wa kijani. Chini ya picha jina la Ridhwan, na chini ya jina kijisanduku cha kuandika neno la siri. Neno lenyewe analijua Ridhwan peke yake. Anwar aliwahi kujitolea kupita kwa njia nyingine, si kazi kubwa, alisema. Bi Nassra akamwuliza kwa upole kama yeye huingia majumbani mwa watu kwa kuwa wenyewe wamesafiri. Anwar hakurudia tena.

Kwa hivyo miaka yote ile tuliishia mlangoni. Bi Nassra alivuta kiti, akakunja mikono, akakaa anaitazama ile picha. Kioo kila baada ya muda kilizima chenyewe, Anwar akanyoosha kidole akagusa, picha ikarudi. Hakuna aliyeombwa, hakuna aliyeshukuriwa. Mwezi mmoja alisema kijana kakonda. Mwezi mwingine akasema naam, sasa kanenepa kidogo. Picha ileile. Anwar alinitupia jicho, nami nikamkazia la kwangu, tukakubali kwamba kanenepa.

Simu yake mwenyewe Bi Nassra ni kitochi, haina picha ya mtu. Ridhwan alipiga sikukuu. Miaka miwili ikawa mitatu, ikawa minne. Habari kwamba ameoa huko alizipata kwa mtu. Sikukuu moja alisikia nyuma ya sauti yake mtoto mdogo analia, akauliza ni nani huyo, simu ikakatika. Haya nayo nliyachokonoa.

Na mkoba? Mkoba ulifanya kazi yake yote. Nlimlazimisha aende harusi moja ya pale pale Matemwe, akae nao katikati ya ukumbi kama malkia, mtu amguse kama anaweza. Akaenda. Mwezi uliofuata nikamwuliza ilikuwaje. Akasema alisukumwa mara tatu na laptopu haikutikisika. Nikavimba kichwa. Nikauliza, na watu je? Akasema watu walikuwapo. Kila mmoja alikuwa amekaa na kundi lake, wamezoeana, na yeye alikuwa hajui wanacheka nini. Nafasi ya kumwekea bakuli la pilau waliipata, ya kumwekea maneno hawakuipata. Kushona mkoba najua. Hilo jingine sikuwa na uzi wake.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu, na naomba msinikatize.

Mwezi mmoja alikuja amefadhaika. Sisimizi wameingia kwenye laptopu, kawaona wanatoka kwenye matundu ya ubavuni, mmoja nyuma ya mwenziwe. Alitaka kumwuliza Anwar. Mie, ambaye nikiulizwa au nisipoulizwa lazima nijibu, nikamwambia Anwar mtoto wa juzi, hili ni la wazee. Fukiza. Mama zetu waliweka nguo za harusi sandukuni miaka thelathini kwa udi na ubani, mdudu gani aliwahi kuzigusa? Uso wake ukafunguka. Alisema yeye kila Alhamisi alasiri huifukiza kanzu ya Ridhwan, ili akija Ijumaa bila taarifa aikute inanukia. Basi ataziweka pamoja.

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Aliifungua laptopu kama mtu anavyofungua kitabu, akailaza juu ya tenga kando ya kanzu, akatia makaa na udi kwenye chetezo, akakisukuma chini yake, akafunika vyote kwa kanga moshi usipotee. Kila Alhamisi, mwaka mzima na zaidi. Sisimizi walihama. Laptopu ikawa inanukia kama bi harusi, na mie nlimsifu, nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo ipasavyo. Anwar alidhani linalonukia ni buibui.

Jumamosi moja ya mwezi wa Shaaban, Anwar aliichomeka, akangoja, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akashikilia kidole. Ndani kikalia kitu kama mbu, kikanyamaza. Kioo kikabaki cheusi, na katika weusi ule tukajiona sisi watatu.

Bi Nassra aligeuka akautazama mkoba. Nikaruka mie, nikasema mkoba wangu hauna kosa, mkoba wangu umeshushwa kutoka ghorofani. Anwar hakutusikiliza. Alichukua tochi akamulika kwenye matundu, akainusa, akaingiza pamba kwenye ncha ya kijiti, akaitoa. Pamba ilikuwa nyeusi, inanata kama asali.

"Bibi, hii imekula moshi. Unaiweka jikoni?"

Bi Nassra aliinua macho. Aliniangalia mie. Si kwa muda mrefu, na si kwa hasira, ingekuwa hasira ningejua la kujibu. Kisha akarudisha macho mezani. Angeweza kunitaja, na hakunitaja. Nimekaa kwenye vibaraza vya mji huu miaka sitini na tatu, nimetukanwa kwa kila namna, lakini sijawahi kunyamaziwa vile. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Mie ndiye niliyemwambia aifukize."

"Ami," alisema Anwar, akakiweka kijiti mezani.

Akaeleza kwamba pangaboi la ndani, lile linalovuta hewa ya kuipoza, limegandwa na udi, na udi umeenea kila mahali. Inabidi kuifungua, kuisafisha, na hata hapo hawezi kuahidi, huenda imeshaungua. Alinyoosha mkono kwenye bisibisi. Bi Nassra akauweka wake juu ya laptopu. Haifunguliwi, alisema, bila ya ruhusa ya mwenyewe. Atampigia.

Alipiga kwa kitochi chake. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Yuko kazini, alituambia, kama sisi ndio tuliouliza. Nikatoa yangu, nikamwambia nitajie namba. Alikuwa nayo kichwani. Ikaita mara mbili tu, ikapokewa, nami nikaiweka spika na kumsogezea.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mama yako."

Ridhwan akauliza kuna nini, mbona namba ngeni, ni mgonjwa? Bi Nassra akasema si mgonjwa. Akaanza kueleza, na sauti ilikuwa inamtetemeka kama mtu aliyeitwa mbele ya kadhi. Amana yako imepata ajali, mwanangu. Maji haikuingia. Mchanga haukuingia. Haikuanguka hata mara moja. Ni moshi, na moshi hukunambia. Fundi anataka kuifungua na mie naomba ruhusa yako, na naomba unisamehe.

"Amana gani, mama?"

Anwar akainamisha kichwa akawa anapanga bisibisi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Bi Nassra aliisogelea simu.

"Laptopu yako."

Ridhwan akacheka. Nisimsingizie, hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyekumbushwa kitu cha utotoni. Akasema, ile? Bado unayo ile? Ile hata ikipona haifai kitu sasa, mama, itupe, au mpe mtu avunjevunje auze vipuri. Hata nikiiona leo sitoijua.

Bi Nassra aliivuta laptopu, akaifunga kifuniko chake polepole mpaka kikalia tik, akaikumbatia kifuani. Aliposema, sauti haikuwa inatetemeka tena.

"Ridhwan. Kitu hiki ulinikabidhi kwa mikono yako miwili. Kukitupa sina ruhusa, kumpa mtu sina ruhusa. Ukitaka kitupwe, njoo ukitupe mwenyewe."

Kijana akaanza kueleza kazi, na nauli, na likizo, na mtoto mdogo.

"Sikukuuliza lini," alisema mama yake. "Nimekwambia kiko wapi."

Kule upande wa pili mtoto aliuliza kitu kwa Kiarabu, na Ridhwan akamnyamazisha. Kisha akasema inshaallah, mama. Bi Nassra akasema inshaallah. Simu ikakatika, na sijui ni nani aliyekata.

Anwar akasema ataifungua bure, bibi asiwe na wasiwasi. Bi Nassra akakataa. Kijana, alisema, hakutoa ruhusa ya kuifungua, katoa ruhusa ya kuitupa, na hiyo yeye hakuipokea. Akaitia foronyani, akaitia mkobani, akaivuta ile mikanda ya ndani kama nlivyomfundisha, kona ya kwanza, kona ya pili, akafunga zipu, akashusha ulimi. Chaja mfuko wa nje. Mie nikataka kuondoa uzito nikafanya mzaha wangu, nikamwambia sasa imekufa, si bora aiache nyumbani akaenda zake harusini akacheza?

"Hakusema ikifa isitunzwe," alinijibu.

Nlimsindikiza mpaka kituoni, jambo ambalo mke wangu mwenyewe hajafanyiwa. Alisimama mbali na watu, mgongo ukutani, mikono miwili imevuka juu ya mkoba. Likaja gari la Matemwe, watu wakalivamia, akaliacha. Likaja la pili akaliacha. Nikamwambia mkoba ule unastahimili, panda tu, mie nimeushona. Alisema anajua unastahimili. Akaliacha na la tatu. Tulisimama pale mpaka alasiri ikaadhiniwa. Nikamwomba msamaha wa moshi, kwa maneno machache, kwa sababu sina mazoea.

"Ilikuwa inanukia vizuri, kaka Mkubwa," alisema. Siku zote hizo alikuwa ananiita fundi.

Bado anakuja, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Hakuna cha kuchaji, kwa Anwar hatuendi, na picha ile hajaiona tena. Ananiomba simu tumjaribu Ridhwan kwa namba yangu. Inaita mpaka inakata. Namba yangu nayo sasa kijana anaijua. Mie nasema labda yuko kazini, na Bi Nassra anaitika kwa kichwa.

Kisha ananipa mkoba niukague. Mshono wangu haujaachia hata mahali pamoja tangu siku ulipotoka mkononi, na wala hautoachia, ningekuwa na aibu kama ungeachia. Kwa hivyo hugeuka upande, nikakata uzi mmoja kwa wembe, nikamwonesha. Umeona hapa, pameanza kulegea, kaa kidogo. Ni mahali palepale kila mwezi, na nadhani ameshanijua. Anakaa. Laptopu anaitoa anaipakata, hata kibarazani kwangu haiweki chini, anaishika kwa mikono miwili huku watu wanatupita. Nami, ambaye mji mzima unanijua kwa wepesi wa sindano, nashona polepole.